Kabla Hujanunua Mashine, Uliza Bei ya Wino



Katika chumba chetu cha mazungumzo, kando ya televisheni, ipo mashine ndogo nyeupe iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Mgeni asiyejua huweza kudhani kwamba ni redio ya zamani tunayoihifadhi kwa heshima ya wazee. La hasha! Ni mashine ya kuchapia, ile ambayo siku hizi sote tunaiita printa. Si mbovu. Ni nzima kabisa, na hata leo ukiichomeka kwenye umeme itawaka taa zake zote. Iliyokosa ni wino tu, na habari ya wino huo ndiyo ninayotaka kukusimulia Jumapili ya leo, kwa kuwa naamini kwamba wewe nawe, kama si mwezi huu basi mwezi ujao, utasimama mbele ya kabati la kioo dukani na kuambiwa, "Chukua hii mzee, ni rahisi, hutajuta."

Nianze kwa kukiri kosa. Kazi yangu ni ukarani wa stoo, na nimeifanya kwa miaka 19. Mikononi mwangu hautoki msumari bila kuandikwa, na kila kijana anayeletwa chini yangu humfundisha methali ile ile niliyofundishwa mimi: mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo, nyumbani kwangu niliingiza mashine bila kuuliza swali ambalo ningemkemea kijana wa stoo kwa kutouliza: kitu hiki kinakula nini, na chakula chake ni bei gani?

Sababu ya kununua ilikuwa njema. Binti yetu yupo kidato cha pili. Walimu wake, kama walimu wengi wa siku hizi, hutuma mazoezi kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, na mzazi hutakiwa kuyachapa karatasini ili mtoto ayajaze na kuyarudisha. Ujumbe huo mara nyingi huingia jioni, wakati mwalimu naye amekwisha kutua mzigo wa siku. Basi ilikuwa desturi yetu kumpa binti simu na sarafu, aende steshenari iliyopo barabara kuu, mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu Tandika. Ukurasa mmoja ulikuwa shilingi 200, na hatukuona taabu.

Jioni moja umeme ulikatika akiwa huko. Akasubiri. Aliporudi ilikuwa saa mbili na nusu usiku, naye akatueleza kwa sauti ndogo kwamba kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amemfuata polepole, taa ikiwa imezimwa, kutoka kwenye baa ya kona hadi karibu na uchochoro wetu. Hakumgusa wala hakumtukana. Alimfuata tu. Mke wangu hakusema neno usiku ule. Kesho yake ilikuwa zamu yake ya kupokea upatu, fedha ambazo alikuwa amezipangia cherehani. Alizipokea, akanikabidhi shilingi 150,000, akaniambia, "Baba watoto, nenda Kariakoo ukalete mashine ya kuchapia. Mtoto hatatoka tena usiku."

Nilikwenda. Muuzaji alinionyesha mashine ya bei ya chini kuliko zote: inachapa, inatoa kopi, inaskani, na ndani ya kasha mna katriji mbili za wino, moja nyeusi na nyingine ya rangi. Bei yake ilikuwa ile ile iliyokuwa mfukoni mwangu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimelikumbatia kasha lile ndani ya daladala kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Kwa wiki chache tuliishi kwa raha. Kisha wino mweusi ukaisha, mapema kuliko nilivyotazamia. Baadaye nilielezwa kwamba katriji zinazokuja na mashine mpya mara nyingi hutiwa wino pungufu kuliko zile zinazouzwa peke yake. Nikaenda kununua nyingine. Shilingi 42,000! Nilimuuliza muuzaji mara mbili kama hakunisikia vizuri. Alinisikia vizuri sana. Katika miezi sita ya kwanza tulinunua katriji nyeusi mbili na ya rangi moja, ambayo ilikuwa shilingi 48,000. Jumla ni shilingi 132,000. Kwa maneno mengine, mashine ilikuwa imekaribia kujila yenyewe kwa thamani.

Hapo hasira ikanipanda, na hasira, ndugu msomaji, ni mshauri mbaya wa matumizi ya nyumba. Siku moja taa ya onyo iliwaka: wino wa rangi unakaribia kwisha. Mke wangu alinikumbusha mara mbili. Nilimjibu kwa kiburi cha karani: "Mazoezi ya mtoto ni maandishi meusi. Rangi za nini? Hatuchomi fedha katika nyumba hii." Nami nikaona nimeokoa shilingi 48,000.

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, mwalimu alituma jaribio la hisabati, kurasa tatu, la kurudishwa asubuhi. Saa mbili usiku binti yetu aliiwasha mashine. Ikakataa. Wino mweusi ulikuwapo, lakini wino wa rangi ulikuwa umekwisha, na mashine ya aina ile haichapi hata nukta nyeusi mpaka katriji zote mbili ziwe na kitu. Nilikuwa barazani nikizungumza na jirani, mke wangu alikuwa jikoni. Mtoto hakutuambia. Alijua jinsi nilivyokuwa nikinung'unika kila linapotajwa neno wino, akaona heri asinikasirishe. Alichukua sarafu zake mwenyewe, akavaa kandambili, akapitia mlango wa uani.

Tuligundua saa tatu kasoro dakika kumi. Nilikimbia ile njia yote bila viatu. Nilimkuta karibu na ile baa ya kona, karatasi tatu amezikunja kifuani, akitembea upesi, akitazama chini. Aliponiona alisema, "Shikamoo, baba," kama mtu anayeomba radhi. Hakuna baya lililompata. Lakini mpaka leo nikiikumbuka ile shikamoo, moyo huniuma.

Usiku ule nilitoa daftari jipya, nikaketi mezani na kupiga hesabu niliyopaswa kuipiga kabla ya kwenda Kariakoo. Nakuomba uifuate nami, kwa kuwa si ngumu.

Juu ya kasha la katriji, au katika maelezo ya mtengenezaji, huandikwa idadi ya kurasa ambazo katriji itachapa. Idadi hiyo haitolewi kwa kubahatisha. Vipo viwango vya kimataifa vya kuipima, na kwa katriji za wino wa rangi kiwango hicho ni kile kiitwacho ISO/IEC 24711. Katriji yangu nyeusi iliandikwa kurasa 120. Gawa shilingi 42,000 kwa 120, utapata shilingi 350 kwa ukurasa. Ongeza karatasi: rimu ya karatasi 500 nilinunua kwa shilingi 12,500, yaani shilingi 25 kila karatasi. Jumla shilingi 375. Steshenari walikuwa wakinitoza 200! Kila ukurasa niliochapa nyumbani, nikidhani najitegemea, ulinipa hasara ya shilingi 175, na hapo sijaitaja bei ya mashine yenyewe.

Nikaendelea. Katriji ile ilikuwa na mililita 4 za wino, chini ya kijiko kimoja cha chai. Kwa bei hiyo, mililita moja ni shilingi 10,500, na lita moja ingekuwa shilingi milioni 10 na laki 5. Niliiweka kalamu chini. Nilimkumbuka marehemu baba yangu na redio yake. Redio ilikuwa moja, aliinunua mara moja, lakini betri alizinunua mwaka hadi mwaka, na zilipodhoofika alizianika juani juu ya bati ili apate taarifa ya habari ya siku moja zaidi. Baba aliifahamu siri ambayo mimi niliisahau: kuna vitu ambavyo bei yake haiishi siku ya kuvinunua.

Nilitaka kujua kwa nini mambo yako hivi, nikauliza mafundi na kusoma nilichoweza kusoma. Kuuliza si ujinga. Mashine hizi hurusha matone madogo mno ya wino kupitia matundu yasiyoonekana kwa macho. Katika nyingi, wino huchemshwa kwa nukta ya sekunde mpaka kiputo cha mvuke kinausukuma nje. Inasimuliwa kwamba mwaka 1977 mtafiti wa kampuni ya Canon nchini Japani, Ichiro Endo, aliona jambo hilo pale chuma cha moto cha kulehemu kilipogusa sindano ya bomba lenye wino, nao wino ukaruka. Mwaka 1988 kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani ilipotoa mashine yake iliyoitwa DeskJet, bei ilikuwa dola 995. Haikuwa kitu cha mtu wa kipato changu. Tangu hapo bei za mashine zimeporomoka, lakini wenye viwanda hawakugeuka kuwa watoa sadaka. Mashine huuzwa kwa faida ndogo, pengine bila faida kabisa, na faida hufuatwa katika wino, ambao mnunuzi atarudi kuutafuta apende asipende.

Ili mnunuzi asikimbilie wino wa mwingine, katriji nyingi zimewekwa chipu ndogo inayotambulishana na mashine. Ukitia katriji ngeni, mashine inaweza kukataa. Ugomvi huu umefika mbali. Mwaka 2017 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua, katika shauri la Impression Products dhidi ya Lexmark, kwamba mtengenezaji akishaiuza katriji, haki yake ya hataza juu ya katriji hiyo imekwisha, hivyo hawezi kumshitaki kwa hataza anayeijaza upya na kuiuza. Lakini hukumu ya mahakama haiondoi chipu ndani ya mashine, na mashine ya nyumbani kwangu haijapata kuisoma hukumu hiyo.

Aidha nilijifunza kwamba wino hauishii karatasini tu. Mashine ikikaa muda mrefu bila kutumika, wino hukauka kwenye matundu, nayo hujisafisha kwa kutema wino mwingine wa rangi zote. Ndiyo maana rangi zetu zilikwisha ingawa hatukuchapa picha hata moja. Mwenye kuchapa mara chache, tena maandishi meusi tu, huenda akafaa zaidi kwa mashine ya tona, kwa kuwa tona ni unga na haikauki, ingawa mashine yenyewe ni ya bei ya juu.

Vile vile ipo mashine ya tangi, ambayo wino wake hununuliwa kwa chupa na kumiminwa. Kampuni ya Epson ilianza kuiuza nchini Indonesia mwaka 2010. Huko, kama hapa kwetu, wenye maduka walikuwa wamekwisha kuchoshwa na bei ya katriji, wakawa wanafunga vichupa vya wino nje ya mashine na kuunganisha mipira. Wenye viwanda wakaona heri wauze wenyewe kile ambacho mafundi wa mitaani walikuwa wamekibuni. Mashine ya tangi niliyoiulizia Kariakoo ilikuwa shilingi 560,000, na chupa ya wino mweusi ya mililita 65 shilingi 30,000, ikiwa imeandikwa kurasa 4,500. Gawa mwenyewe: haifiki shilingi 7 kwa ukurasa. Pamoja na karatasi, shilingi 32.

Nilifurahi kama aliyegundua hazina. Lakini kisha nikapiga hesabu ya pili. Kila ukurasa ungeniokolea shilingi 168 kulinganisha na steshenari. Ili zirudi shilingi 560,000, ningehitaji kuchapa kurasa zipatazo 3,333. Familia yangu hutumia kurasa 60 kwa mwezi. Hiyo ni miaka minne na nusu na zaidi! Je, mashine ingekuwa hai mpaka hapo? Nikafunga daftari na kumweleza mke wangu hitimisho langu: kwa hesabu zote, nyumba kama yetu haina haja ya mashine. Twende steshenari.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari lile. "Baba watoto, hesabu yako ni sahihi, lakini umehesabu karatasi. Mimi sikununua karatasi. Nilinunua ile njia. Hiyo shilingi 175 unayoiita hasara, mimi ningeilipa kila usiku na kulala. Kosa letu si kununua mashine. Kosa letu ni kununua mashine ambayo hatukuweza kuilisha, kisha tukaitegemea usiku."

Nilinyamaza. Ni kweli kwamba katika daftari langu palikuwa na safu ya wino, safu ya karatasi na safu ya mashine, lakini hapakuwa na safu ya mtoto kuwa barabarani saa tatu usiku. Ni kweli vile vile kwamba wino ulikuwa ghali; lakini aliyeamua usinunuliwe ni mimi, tena baada ya kuonywa mara mbili.

Suluhisho lilipatikana karibu kuliko tulivyodhani. Tunakaa katika nyumba za ua mmoja. Upande wa pili wa ukuta wetu anakaa mwalimu wa shule ya msingi, mama mtu mzima, ambaye huchapa mazoezi ya wanafunzi wake kurasa zipatazo 280 kwa mwezi kwa kutumia mshahara wake. Mbele yake anakaa mzee mmoja fundi wa vyuma, ambaye hutoa stakabadhi na makadirio ya bei kwa wateja wake, kurasa kama 60. Tulikutana barazani, nikafungua daftari. Kwa pamoja tulikuwa tunachapa kurasa 400 kila mwezi. Zile kurasa 3,333 ambazo peke yangu ningezifikia baada ya miaka minne na nusu, sisi watatu tungezifikia kwa muda wa miezi minane na siku chache. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tulichanga, mwenye kuchapa zaidi akitoa zaidi: mwalimu shilingi 280,000, mimi 140,000 na mzee 140,000. Sitakuficha kwamba haikuwa rahisi. Mzee aliuliza itakuwaje mmoja akihama. Mwalimu aliuliza nani atalipa ikiharibika. Maswali hayo tuliyaandika, na majibu yake tukayaandika chini yake, kila mmoja akatia sahihi: anayehama hurudishiwa sehemu yake kwa thamani ya wakati huo, na kila ukurasa hulipiwa shilingi 50 katika kopo, zinazobaki baada ya wino na karatasi zikiwa akiba ya matengenezo. Mashine ipo sebuleni kwa mwalimu. Daftari limefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Anayelitunza ni binti yetu, ambaye humdai kila mtu shilingi 50 zake, nikiwamo mimi baba yake, bila haya wala huruma.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa unafikiria kununua mashine ya kuchapia, iwe kwa ajili ya watoto au kwa kufungua kibanda cha kazi, nakusihi usitoe fedha kabla ya kuuliza mambo manne. Kwanza, katriji au chupa yake ya wino ni bei gani, na imeandikwa kurasa ngapi? Gawanya palepale dukani. Simu yako ina kikokotoo. Pili, wewe mwenyewe huchapa kurasa ngapi kwa mwezi? Usikisie; hesabu kwa mwezi mmoja kabla ya kununua. Tatu, mashine itaendelea kuchapa rangi moja ikiisha, au itagoma yote? Nne, ni saa ngapi na kwa haja gani utaihitaji zaidi? Kwa anayehitaji kurasa chache mchana, steshenari inatosha, na si aibu kuitumia. Mwenye kuchapa nyingi hatajutia mashine ya tangi au ya tona. Na mwenye sababu kama ya mke wangu asione aibu kulipa zaidi, mradi ajue analipia nini, na ahakikishe kwamba wino haukosekani.

Usisahau pia kuandika tarehe uliyotia wino na kuweka akiba ya ule unaofuata kabla taa ya onyo haijawaka. Mashine yangu ya zamani sikuiuza. Bado inaskani vyeti vyetu vizuri, nacho kitambaa kinaizuia vumbi.

Jana usiku, yapata saa tatu kasoro robo, nilikuwa kitandani. Nilisikia mlango wa uani ukifunguliwa, kisha hodi kwa mwalimu, kisha mashine ikinguruma upande wa pili wa ukuta. Haikupita dakika tano mlango wetu ukafungwa, na komeo likaingia mahali pake. Nikageukia ukutani, nikalala.